Kuchora kwa mtindo wa Wabhil, kuanzia kukandika ukuta mpaka nukta ya mwisho

Watu wananiuliza sana kuhusu ule ubao wa farasi uliopo sebuleni kwangu, ule wenye nukta nukta, na nikiwaambia kwamba asili yake ni India wengi wanafikiria mambo ya hina na sinema. Hapana. Huu ni mtindo wa Wabhil, wale wenyeji wa milimani na misituni magharibi na katikati ya India, watu wanaohesabika kwa mamilioni, wametawanyika Gujarat, Madhya Pradesh, Rajasthan na Maharashtra. Leo nawaandikia mwongozo kamili, na nitaenda taratibu, kwa sababu nikiruka hatua za mwanzo utapata picha nzuri tu isiyokuwa na kichwa wala miguu.

Jambo la kwanza kabla hujashika brashi. Kile kinachoitwa Pithora, yaani ukuta mzima wa farasi wa miungu, wewe na mimi hatuwezi kukitengeneza. Sisemi ni kigumu, mkono utajifunza tu. Nasema Pithora ni deni linalolipwa. Mtu ana shida nyumbani, mtoto haponi, ng'ombe wanakufa, mvua imekata, anaenda kwa mganga wao anayeitwa badva, badva anaangalia punje za nafaka anamwambia tatizo liko wapi, na mwenye nyumba anaweka nadhiri kwamba mambo yakikaa sawa atamwandikia Baba Pithora, mungu wao, ukutani. Na hapo neno ni hilo hilo, kuandika. Wachoraji wenyewe upande wa Gujarat wanaitwa lakhara, neno linalotoka kwenye kuandika, upande wa Madhya Pradesh utasikia lekhindra, maana ni ile ile. Kwa hiyo ule ukuta kwao ni maandishi, unasomwa, na ukikosewa unarekebishwa kama barua yenye makosa. Tutakachofanya sisi ni kujifunza mkono wao kwenye ubao wetu, na kuchora vitu vyetu. Nikimaliza kueleza wenyewe wanafanyaje utaona kwa nini nimetenganisha.

Wenyewe wanafanyaje

Ukitaka kuona uhalisia nenda wilaya ya Chhota Udaipur, mashariki ya Gujarat, kama kilomita mia hivi kutoka Vadodara, kwa Warathwa, jamii ya wenyeji ambao nao wanaandika Pithora. Ukivuka mpaka unaingia Alirajpur na Jhabua, Madhya Pradesh, huko nako wapo, Wabhilala na Wabhil. Nyumba ya Mrathwa ina baraza la mbele kubwa lenye paa, linaitwa osari, na ule ukuta unaotenganisha baraza na jiko ndio mtakatifu. Pithora anakaa pale, na kuta mbili za pembeni zinapata vitu vidogo vidogo.

Ukuta unakandikwa upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kazi ya wasichana ambao hawajaolewa, halafu unapakwa udongo mweupe wa chaki. Rangi ni za unga, zinakorogwa na maziwa na pombe ya mahua. Mahua ni mti, maua yake yana sukari nyingi, yanaanguka chini alfajiri kipindi cha Machi na Aprili, watu wanayaokota, wanayachachusha, wanayachemsha na kukusanya mvuke wake, ndiyo gongo yao. Wachoraji ni wanaume, wanafanya kwa pamoja, huku ngoma zinapigwa na nyimbo zinaimbwa, na mwenye nyumba anahangaika na chakula cha kijiji kizima. Ndio maana wengine wanakaa na nadhiri miaka, hela ya kulisha watu haijapatikana.

Mchoro wenyewe umezungushiwa fremu, mstatili wenye mapambo ya pembetatu na almasi, na chini katikati fremu imeachwa wazi. Ule ndio mlango, na pembeni ya mlango wanakaa chui milia wawili, kama walinzi. Wa kwanza kuandikwa ni Baba Ganeh, ambaye hana kichwa cha tembo kama Ganesha, yule mungu wa Wahindu unayemjua, huyu ni mtu juu ya farasi mweusi au wa bluu iliyokolea, anavuta kiko cha maji. Halafu wanafuata farasi wa Pithora mwenyewe, Pithori mke wake, miungu wengine kama Rani Kajal na Baba Ind, na msafara wa harusi. Kuna Raja Bhoj juu ya tembo, kuna mwenye vichwa 12, kuna wa mguu mmoja, kuna mkulima na ng'ombe wake wa kulimia, wanawake wanaosukasuka maziwa, nyuki, nge, mitende ya kugema, jua na mwezi. Kuna mahali wapo hata mume na mke wakiwa kitandani, wala hakuna anayeona aibu, dunia nzima lazima iwepo. Siku hizi utakuta ndege, treni, saa ya ukutani. Mi napenda hilo, hawajaifanya iwe makumbusho.

Ukuta ukiisha kuandikwa badva anapandisha mizimu. Anatetemeka, anasimama mbele ya ukuta na upanga, anawataja waliopo mmoja mmoja, huyu nani, huyu nani. Kama kuna aliyesahaulika anaambiwa lakhara aongeze hapo hapo. Halafu mbuzi anachinjwa, watu wanakula. Sasa niambie wewe na ubao wako wa plaiwudi utafanya hayo saa ngapi?

Ila Wabhil hawachori Pithora tu, na hapa ndipo mlango wetu sisi ulipo. Miaka ya mwanzo ya 1980 kulikuwa na ujenzi wa kituo cha sanaa cha Bharat Bhavan mjini Bhopal, na kati ya vibarua waliobeba mawe alikuwepo binti wa Kibhil kutoka kijiji cha Pitol, Jhabua, anaitwa Bhuri Bai. Msanii J. Swaminathan aliyekuwa anaongoza pale akamwomba achore kwenye karatasi vile wanavyochora kwao. Farasi wa Pithora mwanamke haruhusiwi kuwaandika, kwa hiyo akachora vingine, miti, wanyama, watu, baadaye mpaka ndege na mabasi, vyote vimejaa nukta. Mwaka 2021 serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Mwaka 2023 ikaenda kwa Paresh Rathwa wa Chhota Udaipur, huyu ni mtu wa Pithora kabisa. Njia tunayofuata sisi ni ya Bhuri Bai.

Vitu vya kutafuta

Ubao wa plaiwudi au hadibodi nene, robo shiti inatosha kwa kuanzia. Usinunue ile nyembamba inapinda ikilowa, nimeshalia nayo. Udongo wa kichuguu kama nusu ndoo, mchanga laini, samadi mbichi ya ng'ombe (mbichi kweli, ya asubuhi, iliyokauka haishiki), gundi nyeupe ya mbao, unga wa chaki au udongo mweupe, rangi za unga. Kwa nyekundu tumia ile oksaidi ya kuchanganya na sementi ya sakafu, ipo hadwea yoyote na ni bei rahisi. Nyeusi ni mkaa uliosagwa na kuchujwa kwenye kitambaa. Njano, bluu na kijani nunua tu za unga, au rangi za maji za shule zile za kopo, hata kule vijijini siku hizi wengi wanatumia za dukani, usijitese.

Brashi sasa, hapa wewe Mswahili umeshinda wengine. Brashi ya asili kule ni kijiti cha mwanzi au cha mti mwingine kilichopondwa ncha ikawa nyuzi nyuzi. Yaani ni mswaki! Chukua miti ya mswaki, tafuna ncha kama unavyopiga mswaki asubuhi, suuza, kata nyuzi zilizotoka pembeni kwa wembe. Tengeneza mitatu: mmoja mnene wa kujazia rangi, mmoja mwembamba wa mistari, na wa tatu usiutafune, uukate tu ncha iwe bapa, huo ni wa nukta. Iloweke kwenye maji usiku mmoja kabla ya kazi, ikiwa mikavu inakwaruza udongo.

Kukandika ubao

Hapa ndipo watu wanaharakisha, na ndipo kazi inapoharibikia. Ubao wangu wa kwanza nilitumia udongo wa mfinyanzi mtupu, nikaona umelainika vizuri kama krimu, nikapaka nene nikaanika juani. Jioni nakuta umepasuka kama shamba la kiangazi, vipande vinadondoka ukivigusa. Shangazi yangu aliyekuja kututembelea akauangalia akacheka, "We mtoto, huo udongo wa kufinyangia chungu, ukuta haukai hivyo, tia mchanga, tia mavi." Kakandika nyumba tatu maishani mwake, nikanyamaza nikasikiliza.

Kipimo alichonipa, na ndicho natumia mpaka leo: udongo wa kichuguu makopo matatu, mchanga kopo moja, samadi kopo moja, na mimi nikaongeza gundi ya mbao vijiko vinne vya chakula kwa sababu ubao siyo ukuta wa fito, udongo hauna cha kujishikiza. Chekecha udongo kwanza. Kanda kwa mkono mpaka uwe kama unga wa maandazi uliozidi maji kidogo, ukibana kwenye ngumi utoke katikati ya vidole. Ukichukia samadi vaa glavu, ila harufu inaisha ikikauka, kweli inaisha. Zile nyuzi nyuzi za majani ndani ya samadi ndizo zinazoshika udongo usipasuke.

Kwaruza ubao na msasa mnene au upige mikato ya kisu ya kukatishana, lowanisha kwa maji yenye gundi, halafu paka safu ya kwanza kwa kiganja, nyembamba, kama unene wa sarafu. Paka kwa mwendo wa nusu duara, mkono wa kulia ukitoka chini kwenda juu. Alama za vidole ziache, kwenye kuta za kule zinaonekana na ni sehemu ya uzuri wake. Anika kivulini siku moja nzima, siyo juani, jua linakausha juu wakati ndani bado mbichi na hapo ndo ufa unapoanzia. Kesho yake paka safu ya pili yenye maji zaidi, jaza nyufa ndogo. Siku ya tatu paka nyeupe, unga wa chaki na maji na gundi kidogo, ukoroge uwe kama maziwa mtindi, safu mbili. Watu wengine wanatumia chokaa ya kupakia nyumba, inafaa, ila inachoma mikono na baadhi ya rangi zinapauka juu yake, na ukiitumia subiri wiki kabla ya kuchora.

Jaribu kwa kupitisha kidole. Kikitoka cheupe sana kama umeshika chaki ya ubaoni, gundi ni chache, paka nyingine.

Kukoroga rangi

Maziwa yanafanya kazi ya gundi, protini yake ndiyo inashika unga wa rangi ukutani. Tumia maziwa yaliyotolewa mafuta, yale yenye mafuta mengi yanachelewa kukauka na yanavutia nzi. Unga wa rangi kijiko kimoja, maziwa kijiko kimoja, koroga mpaka madonge yaishe, ongeza maziwa kidogo kidogo. Mkaa una tabia ya kukataa maji, unaelea juu, kule ile pombe ndiyo inaulowanisha, kwako tone la spiriti linatosha. Na mahua usihangaike kutafuta wala kuweka gongo mahali pake, ile inaingia kwenye rangi kwa sababu ni ya miungu na wazee, siyo kwa sababu ya kemia peke yake.

Koroga ya siku hiyo tu. Rangi ya maziwa kesho yake inanuka kopo zima, nyumbani watakufukuza.

Farasi, na vinginevyo

Mchore farasi kama mnyama ukitaka, hakuna anayekukataza, ila usiweke msafara wa harusi ndani ya fremu yenye mlango na chui milia wawili, maana hapo unaiga ibada ya watu. Mimi ule ubao wangu nina farasi mmoja chini ya mwembe, kuku, mama anayetwanga na bodaboda. Umbo la farasi wao ndilo linalowashinda watu, kwa hiyo tulizana hapa.

Sahau farasi wa kwenye picha. Kiwiliwili ni kama ngoma ndefu iliyolala, mgongo umebonyea kidogo katikati. Shingo ni nene sana na imepinda kama mpini wa mwavuli, ikipanda juu halafu kichwa kinashuka, kichwa chenyewe ni kidogo, karibu kama mdomo wa ndege. Miguu ni minne yote inaonekana, minene juu inaisha na ncha chini, wala usiweke magoti. Hana haja ya kusimama juu ya ardhi, anaelea. Urefu wa kiwiliwili ukiwa sentimita 20, shingo iwe 10 na miguu isizidi 10, ukiifanya mirefu anageuka punda wa katuni. Kata patani kwenye karatasi ngumu ya faili, weka kwenye ubao, zungushia kwa mkaa. Ukiwa na patani moja unaweza kupata farasi watano wanaofanana, tofauti inakuja kwenye rangi na nukta.

Jaza rangi bapa, safu moja, subiri ikauke kabisa, safu ya pili. Hakuna kivuli wala mwanga, usijaribu kumfanya aonekane mviringo. Na usibaki na nafasi kubwa tupu, kila penye uwazi weka kitu, mjusi, mmea, ndege, kisima. Halafu mistari ya pembeni kwa rangi inayopingana, njano juu ya nyekundu, nyeupe juu ya bluu, kwa mswaki mwembamba.

Nukta

Sasa tumefika. Nukta ndio sahihi ya Mbhil. Wanasema zinawakilisha punje za mahindi, na mababu pia, na kila msanii ana mpangilio wake kiasi kwamba wenyewe kwa wenyewe wanaweza kumtambua mchoraji kwa kuangalia nukta zake tu.

Rangi ya nukta iwe nzito kuliko ya kujazia, kama uji wa mtoto. Jaribu kwenye kipande cha ubao kilichobaki: ikisambaa ni nyepesi, ikiacha mkia unapoinua kijiti ni nzito mno. Chovya ncha bapa milimita mbili tu, gusa wima, inua wima. Usisukume. Chovyo moja linatoa nukta tatu au nne, ya kwanza kubwa ya mwisho ndogo, na ukitaka ziwe sawa chovya kila nukta mbili.

Kosa la kila anayeanza ni kumwaga nukta ovyo kama mvua. Nukta zinaenda kwa safu, na safu inafuata mwili. Kwenye shingo zinapanda na mkunjo wa shingo, kwenye tumbo zinalala, kwenye mguu zinashuka. Anza na safu ya pembeni kabisa, karibu na mstari, zunguka umbo lote, halafu ingia ndani safu kwa safu, ukipishanisha rangi, nyeupe, njano, nyeupe, nyekundu. Acha kati ya nukta na nukta nafasi ya nukta moja. Farasi mmoja wa sentimita 20 anakula saa tatu mpaka nne, mgongo utauma, weka redio.

Ukikosea usifute ikiwa mbichi, utaipaka kote. Acha ikauke, ikwangue kwa ncha ya wembe, funika na rangi ya chini, rudia.

Mambo ya mwisho mwisho

Ubao ukimalizika usiupake vanishi inayong'aa, inaua ule udongo wote uliouhangaikia. Kama unaogopa vumbi, gundi ya mbao kijiko kimoja kwenye maji vijiko kumi, ipulizie kwa chupa ya kunyunyizia ukiwa mbali, mara mbili. Usiutundike jikoni wala bafuni, mvuke unalainisha udongo, na ukipata vumbi tumia brashi kavu laini, kitambaa kibichi hapana.

Ukiuza, andika kwamba ni kazi yako kwa mtindo wa Kibhil. Nimeona mtu anauza fremu ya farasi wanne anaita Pithora halisi, nikamuuliza aliiandika kwa nadhiri ya nani, hakunielewa.

Na ukibahatika kufika India, kijiji cha Tejgadh pale Chhota Udaipur kina Adivasi Academy, wana makumbusho yao ya jamii za wenyeji, na Bhopal kuna Jumba la Makumbusho ya Makabila lililofunguliwa 2013. Ukikaribishwa nyumbani kwa Mrathwa vua viatu barazani, usiguse ukuta, na uombe ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha. Muulize mwenye nyumba nadhiri ilikuwa ya nini. Hapo atakaa chini, ataanza na ng'ombe aliyeumwa mwaka gani sijui, na chai italetwa mara mbili kabla hajafika kwenye farasi wa kwanza.